Matembezi ya kumbi za zamani Leicester Square: nyota tatu na nusu

Nianze na yaliyoniudhi, maana ni machache na nataka niyamalize mapema. Tuliambiwa tukutane saa nne kamili asubuhi chini ya sanamu ya Shakespeare, katikati ya Leicester Square, London. Kiongozi wetu alitokea saa nne na dakika ishirini, kahawa mkononi, pumzi juu juu. Vile vidude vya masikioni tulivyogawiwa ili tumsikie vizuri, changu kilikuwa kikikoroma kama redio iliyopoteza stesheni, nikakivua kabla hata hatujaondoka pale kwenye sanamu, nikawa natembea ubavuni mwake kama mlinzi wake. Tiketi ni pauni 22 kwa mtu, na wanaahidi saa mbili. Tulipata saa moja na dakika arobaini. Halafu hamuingii ndani ya jengo hata moja. Hilo limeandikwa, siwezi kuwasingizia, lakini kwa herufi za kusomea na miwani miwili.

Basi, hayo yamekwisha. Sasa niwaambie kwa nini sikudai fedha zirudi.

Tiketi nilinunuliwa na kijana wangu nilipotimiza miaka sitini. Anajua udhaifu wangu. Marehemu baba alikuwa mwendesha mashine katika nyumba moja ya sinema Mombasa, na utoto wangu mwingi niliumaliza kwenye kile chumba cha juu nyuma ya balkoni, nimekaa juu ya kopo la biskuti, nachungulia picha kupitia kitundu cha ukutani. Wenzangu walimjua stelingi kwa sura. Mie nilimjua kwa rili, yale magurudumu ya filamu: huyu anapigwa rili ya tatu, analipiza ya saba. Nilipohamia huku na kuanza kazi ya upishi shuleni, siku yangu ya mapumziko nilikuwa nakwenda maktaba ya mtaa kuazima vitabu vya historia ya sinema. Kwa hiyo kiongozi alipata mteja mgumu, na naomba nimhukumu kwa haki.

Matembezi yenyewe yanahusu kumbi za verayeti zilizogeuka sinema. Kwa ambao hawakuwahi kuiona, verayeti ni burudani ya mchanganyiko: usiku mmoja, jukwaa moja, na wasanii wanaopeana zamu. Anaingia mwimbaji dakika kumi, akitoka anaingia mrusha visu, kisha mbwa waliofunzwa, kisha mchekeshaji, kisha mtu anayezungumza na mwanasesere. Pembeni mwa jukwaa kulikuwa na namba, nawe unailinganisha na karatasi yako ya programu kujua nani yuko mbele yako. Hakuna hadithi ya kufuata. Ukichelewa hujakosa kitu, zamu inayofuata ni yako. Leicester Square ilikuwa kitovu cha mambo hayo kwa London ya karne ya 19, na kumbi mbili ndizo zilizotamba: Alhambra upande wa mashariki na Empire upande wa kaskazini, zikitazamana kwa pembe kama wake wenza.

Alhambra kwanza. Leo pale pamesimama jumba la sinema la Odeon, jengo jeusi la mawe ya granite yaliyong'arishwa, lenye mnara wa mita 37. Kiongozi alituweka mbele yake, akatoa kishikwambi na kutuonyesha picha ya jengo lililokuwapo: minara miwili mithili ya minara ya msikiti, kuba, madirisha ya matao. Mzungu wa London mwaka 1854 alijijengea kitu cha mtindo wa Kimori, ule wa Waislamu wa Uhispania ya kale, si kwa ibada wala kwa ngoma, bali kwa maonyesho ya sayansi. Jina lake lilikuwa Royal Panopticon. Watu hawakuitaka sayansi ile, ikafilisika, na mwaka 1858 ikaitwa Alhambra, ikaingia sarakasi na muziki na vinywaji. Mwaka 1861 Mfaransa Jules Léotard alikuwa akiruka humo kutoka bembea hadi bembea, juu ya vichwa vya watu wanaokula na kunywa. Vazi lile la kubana mwili wanalovaa wacheza sarakasi na mabinti wa jimnastiki limebaki na jina lake mpaka leo. Hapo kiongozi alisimulia vizuri mno. Aliinua mkono, akatuambia tutazame juu, na wallahi nilitazama, nikaona mawingu tu na manyunyu yakaniingia jichoni.

Ukumbi uliungua Desemba 1882, ukajengwa upya mwaka uliofuata, ukaja kubomolewa 1936. Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 2 Novemba 1937, Odeon ikafunguliwa. Nimeligusa lile jiwe. Ni baridi na laini kama kioo, na ukisogeza uso unajiona. Jengo la kwanza lilikuwa limejaa nakshi kila inchi, hili la pili limekataa nakshi kabisa, linategemea taa. Usiku ndipo linapofaa kutazamwa, kwa hiyo matembezi ya saa nne asubuhi yanalipunja.

Na hapo hapo ndipo kiongozi aliponiangusha. Aliruka kutoka Léotard hadi Odeon kana kwamba katikati hapakuwa na kitu. Nikasubiri. Kijana wangu akaniona midomo inanicheza, akaninong'oneza, "Mama, usianze." Nikaanza. Nikamuuliza yule kiongozi, kwa adabu, "Na Robert Paul je?" Akanitazama. "Nani?" Sikumcheka, kijana mwenyewe hajafika hata thelathini. Ila nilimwomba dakika tatu, naye, kwa uungwana wake, akanipa. Namshukuru kwa hilo, viongozi wengi wangenuna.

Robert W. Paul alikuwa fundi wa vyombo vya umeme, karakana yake Hatton Garden, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka hapo. Alijitengenezea mashine yake mwenyewe ya kutupia picha ukutani, na tarehe 25 Machi 1896 akaanza kuonyesha pale Alhambra. Mkataba ulikuwa wa wiki mbili. Akakaa mwaka na zaidi. Hakutuma mtu, alizungusha mashine kwa mkono wake, na kumbi nyingine zilipoanza kumtaka akawa anakimbizwa kwa gari la farasi usiku kucha kutoka ukumbi hadi ukumbi. Jumatano ya tarehe 3 Juni mwaka huo akapeleka kamera Epsom kwenye mbio za farasi za Derby. Farasi aliyeshinda, Persimmon, alikuwa wa mtoto wa malkia, Mwana wa Wales. Paul akarudi na filamu yake London, akakesha akiisafisha na kuikausha, na kesho yake usiku watu wa Alhambra wakaona mbio za jana zikikimbia mbele yao. Ukumbi ulisimama, watu wakapiga kelele irudiwe. Fikirini: picha ya gazeti ilichukua siku kadhaa, na huyu bwana keshaonyesha farasi wanaotembea. Kundi letu lilikuwa la watu kumi na mmoja, na mzee mmoja wa Kijapani alinipigia makofi. Kijana wangu alijifanya hanijui.

Nimelisema hili kirefu kwa sababu ndilo shina la matembezi yote, na ndilo lililokosekana. Kiongozi alirudia mara tatu kwamba sinema "iliiua" verayeti. Mie naona hivyo sivyo. Sinema haikuvunja mlango. Iliingia kwa mlango wa nyuma wa wasanii, ikavua kofia, ikaomba zamu. Wenye kumbi wakaipa, mara nyingi mwishoni mwa programu, baada ya mbwa na kabla ya watu kwenda kutafuta usafiri. Wakaiwekea namba yake pembeni ya jukwaa kama msanii mwingine yeyote. Miaka mingi ilikaa hivyo, mgeni mpole asiyeomba chakula, asiyeugua koo, asiyegombana na mwenye ukumbi juu ya mshahara. Wenyewe ndio walioanza kupiga hesabu.

Empire ndiyo iliyonipeleka, na Empire kiongozi aliitendea haki, mbali na kosa moja. Alisema hapo ndipo Waingereza walipoonyeshwa sinema kwa mara ya kwanza. Sivyo. Mashine ya akina Lumière, wale ndugu wawili wa Kifaransa, ilionyeshwa kwanza tarehe 20 Februari 1896, kwenye chuo cha Polytechnic, Regent Street, ukumbi ambao bado upo na bado unaonyesha filamu. Empire ilifuata tarehe 9 Machi. Wiki mbili na ushei si nyingi, najua, lakini ukimlipa mtu pauni 22 akupe tarehe, tarehe ziwe sawa. Na ukihesabu vizuri, Empire iliitangulia Alhambra kwa siku kumi na sita tu. Wake wenza kweli kweli: mmoja kanunua kanga, mwenzake kesho yuko dukani.

Lakini lililofuata lilinisahaulisha kosa. Mtu aliyeileta mashine ya Lumière London hakuwa fundi wala mwanasayansi. Alikuwa Félicien Trewey, msanii wa verayeti: mrusha mipira, mfanya vivuli vya mikono ukutani, na bingwa wa mchezo mmoja wa kofia. Kiongozi akafungua mkoba wake, akatoa duara la kitambaa kizito cheusi lenye tundu katikati, kama chapati iliyotobolewa. Akalikunja akaliweka kichwani, akawa padri. Akalisokota, akawa Napoleon. Mara bibi mwenye boneti, mara mpiganaji wa ng'ombe, mara askari. Uso nao ukibadilika kila kofia. Kama dakika mbili hivi, kwenye manyunyu, na watoto wa watalii wengine wakaacha wazazi wao wakaja kwetu. Huo ndio mchezo aliokuwa akiucheza Trewey mwenyewe, na kijana huyu kajifunza si haba. Kwa hilo peke yake nyota moja.

Ila angalifungua na upande wa pili wa mkoba! Maana mtu wa vivuli vya mikono ndiye hasa anayefaa kukabidhiwa taa. Mashine yake ilikuwa kisanduku kidogo cha mbao chenye mpini. Unauzungusha mara mbili kwa sekunde, kila mzunguko picha nane zinapita, yaani picha kumi na sita kwa sekunde. Filamu moja ilikuwa na urefu wa mita 17 hivi, haifiki dakika moja, imekwisha. Na kati ya taa na filamu kulikuwa na chupa ya kioo ya mviringo iliyojaa maji. Maji yale yalifanya kazi mbili: yalikusanya mwanga kama lenzi, na yalimeza joto lisiiunguze filamu. Chupa ikipasuka, mwanga unatawanyika, hakuna onyesho, na filamu imesalimika. Baba angekaa nalo hilo jioni nzima. Yeye alifanya kazi na vijiti vya kaboni, viwili vinakaribiana bila kugusana, cheche inaruka katikati, nyeupe ya kuumiza macho, unaitazama kwa kioo cheusi tu. Kila baada ya muda unavisogeza kwa kidole kwenye gurudumu maana vinaliwa. Alikuwa akisema kazi yake si kuonyesha picha bali kulisha moto.

Nao moto ulikuwa si mchezo. Filamu za zama zile zilitengenezwa kwa nitrati, zikishika hazizimiki hata ndani ya maji. Paris, tarehe 4 Mei 1897, lampu ya etha ya mashine ya sinema iliwasha bazaa ya hisani, wakafa watu zaidi ya 120, wengi wao wanawake wa tabaka la juu. Uingereza ikatunga sheria mwaka 1909, ikaanza kazi Januari 1910, kwamba mashine ikae ndani ya chumba kisichopitisha moto, mbali na watazamaji. Kile chumba nilicholelewa ndani yake, na kitundu changu, na bamba la chuma la kuangukia juu ya kitundu, vyote vimetoka huko. Kiongozi hakukigusa chumba hicho hata kwa neno moja. Alitueleza nani alikaa viti vya mbele, nani alivaa nini, nani alikunywa na nani. Aliyesimama nyuma akizungusha mpini hakuwamo.

Kwa waliokaa mbele, hata hivyo, kisa chake kilikuwa kitamu. Empire ilifunguliwa tarehe 17 Aprili 1884 mahali palipoungulia Savile House, na kufikia mwisho wa 1887 ikawa Empire Theatre of Varieties. Ilisifika kwa dansi zake za bale, na kwa ile promenadi, ushoroba mpana nyuma ya viti ambamo mabwana walitembea na vinywaji vyao na wanawake fulani walitembea kwa sababu zao. Mwaka 1894 bibi mmoja, Laura Ormiston Chant, alikwenda kujionea mwenyewe, tena zaidi ya mara moja, kisha akaenda mbele ya baraza la jiji kupinga leseni. Baraza likaamuru promenadi itenganishwe na pombe. Wenye ukumbi wakasimamisha viambaza vya turubai, na usiku wa tarehe 3 Novemba vijana wakavirarua. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kijeshi cha Sandhurst, miaka kumi na tisa, ambaye baadaye alijisifu kwamba alisimama hapo akatoa hotuba yake ya kwanza mbele ya umati. Jina lake Winston Churchill.

Kundi lilicheka, na kiongozi alimwigiza Bi Chant kwa sauti nyembamba ya kero. Hapo sikucheka. Bibi yule alikuwa na hoja, hata kama dawa yake haikuwa nzuri. Wale wanawake wa promenadi, ukishawafukuza ndani kwenye taa, wanakwenda wapi kama si nje kwenye giza? Hilo swali watu wa wakati ule walimuuliza, na lilistahili kuulizwa. Lakini kumfanya kikaragosi huku kijana aliyevunja vitu vya watu anakuwa shujaa, mmh. Mie ningekuwa mwenye ukumbi ningetaka turubai langu lilipwe.

Mwisho wa Empire ya kwanza ni jambo ambalo kiongozi alilieleza kwa ufupi na kwa ufundi. Tarehe 22 Januari 1927 palikuwa na onyesho la mwisho, mchezo wa nyimbo na dansi uliowaleta Fred Astaire na dada yake Adele. Verayeti yenyewe ilikuwa keshaondoka hapo kitambo. Pazia likashuka, nyundo zikaingia. MGM, kampuni ya filamu ya Marekani, ikajenga upya, na tarehe 8 Novemba 1928 likafunguliwa jumba la sinema lenye viti zaidi ya elfu tatu, michoro ya Thomas Lamb, Mmarekani mwenye asili ya Scotland aliyejenga majumba kama hayo huku na huku duniani. Na Fred, yule aliyecheza usiku wa mwisho wa jukwaa, baadaye akawa nyota wa filamu, tena akatengeneza nyingi kwa MGM hiyo hiyo. Hilo kiongozi hakuliunganisha, nikamwachia. Nilikuwa nimekwisha kula dakika zangu.

Cha kuchekesha ni kwamba hata ndani ya jumba jipya la sinema, wasanii walirudi. Kulikuwa na kinanda kikubwa cha Wurlitzer, na kati ya filamu na filamu kulikuwa na maonyesho ya jukwaani, waimbaji na wachezaji. Sasa mambo yamegeuka: filamu ndiye mwenye nyumba, na verayeti ndiyo inayoomba zamu. Tarehe 1 Novemba 1946 mfalme George wa Sita na familia yake walikuja hapo kwenye onyesho la kwanza la filamu la kifalme, watu wakajaa uwanjani kiasi cha kuwatisha polisi. Picha aliyotuonyesha kiongozi huoni ardhi, ni kofia tupu.

Mwaka 1961 jumba likafungwa, na lilipofunguliwa mwishoni mwa 1962 lilikuwa limekatwa kwa mlalo. Chini, walipokuwa wakikaa watu wa viti vya kawaida, pakawa ukumbi wa dansi. Juu ikabaki sinema ya viti 1,330. Leo chini ni kasino, na juu pamegawanywa tena, upande mmoja skrini kubwa ya IMAX iliyoanza 2014. Kiongozi alituonyesha kwa mkono mstari wa mkato kwenye ukuta wa mbele, na ghafla jengo likasomeka. Ukishajua, unaelewa kwa nini kwenda sinema hapo ni kupanda, kupanda na kupanda. Unakaa hewani, mahali ambapo zamani ulikuwa ni moshi wa sigara za watu wa promenadi.

Yaliyobaki ya matembezi ni ya haraka, na sikuona hasara. Daly's, ukumbi wa michezo ya nyimbo uliofunguliwa 1893, ulivunjwa 1937, pakawa sinema ya Warner mwaka uliofuata. Ukuta wa mbele wa marumaru, ule wenye sanamu za kuchonga kwenye pembe, bado ni wa wakati huo. Simameni upande wa pili wa njia muutazame, maana ukiwa chini yake huuoni. Hippodrome kwenye kona ya Charing Cross Road haikugeuka sinema, lakini huwezi kuipita: mwaka 1900 Frank Matcham aliijenga na tangi la maji la galoni 100,000 chini ya uwanja wake wa sarakasi, na tembo walikuwa wakiteremka majini mbele ya watu. Leo nayo ni kasino. Kijana wangu alisema inaelekea katika mtaa huu kila kinachokufa kinafufuka kasino.

Tukamalizia kwa sanamu ya Charlie Chaplin, bustanini. Hapo kiongozi alichagua vizuri. Wazazi wake Chaplin wote wawili walikuwa waimbaji wa kumbi hizi, yeye mwenyewe alikulia jukwaani, akazunguka na kundi la wachekeshaji la Fred Karno, na mwisho wa 1913 akaingia kwenye filamu huko Marekani. Mambo yote tuliyotembea kuyatazama, mwili mmoja uliyabeba. Kiongozi alisema hilo kwa sentensi mbili, akavua kofia, akatuaga. Watu walimpa bahashishi. Mie nilimpa pauni tano, na jina la Paul nimeliandika kwenye karatasi.

Kisha nikamwambia kijana wangu, nimelipa kuyatazama majengo kwa nje, sasa twende ndani. Tukanunua tiketi za alasiri pale Empire, tukapanda ngazi zile nilizozieleza. Picha yenyewe siitaji, ilikuwa ya magari kugongana. Nilikuwa natazama kona ya juu kulia ya skrini. Zamani rili moja ilikwisha kwa dakika ishirini hivi, na sekunde nane kabla haijaisha kidoti kinatokea pale konani. Kikitokea, baba anawasha mota ya mashine ya pili. Kikitokea cha pili, anageuza, na nyinyi chini hamjui kwamba mmehamishwa kutoka mashine hadi mashine. Nilikuwa na kazi moja tu mie, kusema "sasa" nikikiona. Nilitazama ile kona saa mbili nzima. Siku hizi hakuna kidoti, hakuna rili, picha inatoka kwenye kompyuta. Nilijua hivyo kabla sijaingia, lakini jicho halikukubali.

Kwa anayetaka kwenda: vaeni viatu vya kusimama maana mnasimama zaidi kuliko kutembea, na mwendo wenyewe hauzidi nusu kilomita. Wazee wataweza, benchi zipo bustanini. Watoto wa kuanzia miaka minane watafurahia kofia na tembo, promenadi mtajua wenyewe mtaielezaje. Chagueni matembezi ya jioni kama yapo, taa za Odeon ziwe zimewaka. Kile kidude cha masikio kijaribuni kabla ya kuondoka kwenye sanamu, si baada.

Niliwaandikia kampuni kuhusu Polytechnic na tarehe 20 Februari. Wamejibu kwa upole kwamba watarekebisha maelezo, wakaniletea punguzo la nusu bei kwa matembezi mengine. Nitakwenda nao tena, na yule yule kijana wa kofia kama yupo. Nusu nyota iliyobaki ya nne ninayo mfukoni, nitampa siku atakayomtaja Robert Paul bila kuulizwa.